Kunyamaza Nako ni Jibu

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Walikuwa na maana yao, nami siwezi kuwapinga kwani mimi ni mtoto wa juzi tu. Lakini katika boma letu hapa Mogogosiek nimeishi na mtoto ambaye macho yake yalikuwa yakifunikwa na pazia, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka miwili, na hakuna aliyejua. Mwenyewe hakujua. Ndugu msomaji, makala haya ni juu ya mtoto huyo, ambaye ni mdogo wangu na kitinda mimba wa mama, na juu ya mashine iliyotuonyesha pazia lile.

Mdogo wangu ni mtoto mchangamfu, si mtu wa kukaa pembeni. Kuanzia mwaka wa 2023 alianza kuwa na vituko. Akitumwa kuleta maji, atajikwaa kwenye ngazi ya mlango. Akipita katikati ya michai, atakanyaga kikapu cha mtu na kumwaga majani yaliyochunwa tangu asubuhi. Mezani aligonga kikombe cha chai mara kwa mara hadi mama akaanza kumwekea chake kando. Uwanjani alikuwa akiuona mpira ulio mbali vizuri sana, lakini ukimfikia miguuni, basi, umepotea. Wenzake wakambandika jina la Kipofu, na akacheka pamoja nao, kama watoto wafanyavyo wakiwa hawana la kufanya.

Shuleni mambo hayakuwa mazuri. Ubaoni alisoma kila kitu hata akiwa nyuma kabisa, lakini akisoma kitabu aliruka mistari. Mwalimu wake mmoja aliandika katika ripoti ya muhula: "Ana uwezo ila ni mzembe." Neno hilo lilisomwa nyumbani kwa sauti. Baba akasema mtoto aache kuwaza mpira. Kogo, yaani nyanya yetu, hakusema kitu. Alimtazama tu kijana, kisha akauliza, "Mbona anatembea kama mtu anayevuka mto usiku?" Hakuna aliyemjibu.

Kisa chenyewe kilikuwa kimeanza kabla ya hapo, nacho kilianza na kuwashwa. Mwaka wa 2022 macho ya kijana yalikuwa mekundu, yakitoa ute mrefu kama uzi, naye akiyafikicha mchana kutwa. Huu ni mzio wa macho unaowapata watoto wengi wa Afrika Mashariki, na wavulana zaidi ya wasichana. Mara nyingi huanza kabla ya miaka kumi na kuisha wakati wa kubaleghe. Mama alimpeleka katika duka moja la dawa. Muuzaji hakumtazama macho, hakuuliza umri, wala hakusema dawa ikomeshwe lini. Alitoa kichupa kidogo, akapokea pesa zake. Siku ya tatu macho yalikuwa meupe kama maziwa. Ni mama yupi asiyefurahi? Yakirudi kuwasha, kichupa kingine kinanunuliwa. Hivyo hivyo hadi 2024.

Dawa iliyokuwa ndani ya vichupa vile ni ya jamii ya steroidi. Deksamethasoni, betamethasoni na prednisoloni ni baadhi ya majina yake. Si sumu. Daktari akiitoa kwa siku chache, huku akimpima mgonjwa, ni dawa nzuri sana na huokoa macho. Shida yake ni hii. Ndani ya jicho mna maji safi yanayotengenezwa mchana na usiku, nayo yana mahali pake pa kutokea, kama mtaro unaotoa maji shambani. Steroidi ikitumiwa kwa majuma mengi huweza kuuziba mtaro huo. Maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayatoki vizuri, na presha ya jicho inapanda. Si kila mtu hupatwa na jambo hili. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba presha hupanda kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu. Kwa watoto inaweza kupanda upesi zaidi na juu zaidi. Presha ile hufinya neva inayopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi karibu milioni moja, na uzi uliokufa hauoti tena. Ugonjwa huu ndio glakoma, au presha ya macho kama watu wanavyouita, na mara nyingi huja bila maumivu.

Mnamo Aprili 2024, wakati wa likizo, palikuwa na kambi ya macho kwenye kanisa lililo karibu nasi. Tulipanga foleni. Mdogo wangu alisimama mita sita kutoka kwenye chati, akafunika jicho moja, akasoma hadi mstari wa chini. Akafunika la pili, vilevile. Aliandikiwa 6/6, alama isiyo na kasoro. Angeweza kwenda nyumbani akishangilia. Bahati ni kwamba afisa wa macho alimwuliza swali moja dogo: "Unatumia dawa gani ya macho?" Mama akatoa kichupa mfukoni. Afisa yule alikisoma, akanyamaza, akachukua kurunzi yake ndogo na kuchungulia ndani ya macho kwa muda mrefu. Kisha akapima presha. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Ya kijana ilikuwa 34 jicho la kulia na 38 la kushoto. Tuliandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nadhani wengi wetu hatulijui. Chati ya herufi, iliyobuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka wa 1862, hupima kitovu tu cha kuona kwetu, yaani pale unapokaza macho. Hata vipimo vya simu vilivyotumiwa na walimu katika shule 25 za Kaunti ya Trans Nzoia, ambavyo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2018 na kusifiwa duniani, hupima kitovu hicho hicho. Lakini jicho halioni kitovu peke yake. Jicho moja likitazama mbele bila kusogea, huona takriban digrii 60 upande wa pua, 60 juu, 70 na kitu chini, na zaidi ya 90 upande wa sikio. Eneo hilo lote ni uwanja wa kuona. Mlinda lango anaweza kuwa hodari vipi kama hawezi kuona pembe za uwanja? Glakoma huanza kula uwanja nje ya kitovu, na mara nyingi hukiacha kitovu hadi mwisho. Mtoto atasoma herufi zote na bado asiuone mguu wake.

Utauliza, basi mbona hakusema? Fanya jaribio hili sasa hivi, hapo ulipo. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi. Umbali wa sentimita nane kulia kwake, chora doa la ukubwa wa punje ya haragwe. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia utazame msalaba tu, huku ukiisogeza karatasi polepole kutoka mbali. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, doa litatoweka kabisa. Pale ndipo neva inapotokea nyuma ya jicho, na hapana uwezo wa kuona. Mfaransa Edme Mariotte alieleza jambo hili katika miaka ya 1660. Sasa tazama: mahali pa doa hapakuwa na giza. Uliona karatasi nyeupe tu. Ubongo wako ulipaziba kwa kubahatisha. Umeishi na doa pofu hilo tangu uzaliwe na hujawahi kulalamika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu, ila lake lilikuwa kubwa na lilizidi kukua. Hakuona weusi. Aliona sakafu tupu mahali palipokuwa na ndoo.

Huko hospitalini alipewa mara moja dawa ya kushusha presha, na ile ya zamani ikakomeshwa chini ya uangalizi wa daktari, akabadilishiwa nyingine ya mzio. Agosti tulirudi kwa kipimo cha uwanja wa kuona. Mama alikuwa amebanwa na majani, kwa hiyo tulikwenda mimi na kogo. Chumba kilikuwa na giza. Mashine yenyewe ni kama beseni kubwa jeupe lililosimamishwa wima, na mgonjwa huweka kidevu mahali pake na kutazama ndani. Jicho moja hufunikwa. Mkononi hupewa kitufe.

Dada aliyekuwa akipima alimwambia, "Kijana, tazama ile taa ya katikati. Usiiache. Taa ndogo zitawaka huku na huko. Ukiona moja, bonyeza. Usiifuate kwa macho."

"Sawa, daktari," mdogo wangu akajibu kwa sauti ya mtu anayeingia kwenye mtihani.

Kazi ya kompyuta katika mashine hii ni ya ajabu. Taa moja, ndogo kama punje ya wimbi, huwaka kwa sekunde 0.2 tu. Ukiiona, wakati mwingine mashine huiwasha pale pale ikiwa hafifu zaidi; usipoiona, huiongeza mwanga. Hufanya hivyo katika sehemu 54 au zaidi, bila mpangilio unaoweza kubahatishwa, mpaka ijue mwanga hafifu kabisa unaoweza kuuona katika kila sehemu. Zamani daktari alifanya kazi hii kwa mkono. Mdenmarki Jannik Bjerrum, mwishoni mwa karne ya 19, alitumia kitambaa cheusi na vidoa vyeupe vilivyowekwa kwenye kijiti. Hans Goldmann wa Uswisi akaunda bakuli la taa mwaka wa 1945. Katika miaka ya 1970 Mswisi mwingine, Franz Fankhauser, akaliunganisha na kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Sweden walitafuta njia ya kuhesabu iliyopunguza muda wa kipimo kwa karibu nusu. Kwa mzee jambo hilo ni nafuu, lakini kwa mtoto huenda likawa tofauti ya kuweza na kutoweza, maana mtoto gani atakaza macho mahali pamoja kwa robo saa?

Kipimo cha kwanza hakikufaulu. Nilisikia kitufe kikilia ta-ta-ta-ta, kama mtu anayepukuchua mahindi. Dada yule akatazama kwenye skrini na kutikisa kichwa. Mashine hiyo haidanganyiki kwa urahisi. Hukagua kama unabonyeza wakati ambapo hapana taa ya kubonyezea. Tena mara nyingine huiwasha taa makusudi kwenye lile doa pofu tulilolitaja. Ukibonyeza, inajua kwamba jicho limetoroka kutoka katikati. Mdogo wangu alikuwa amebonyeza ovyo.

Dada hakumkaripia. Aliwasha taa ya chumba, akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Niambie, kwa nini ulikuwa unabonyeza sana?"

Kijana akainamisha kichwa. "Sikutaka kufeli."

Jibu hilo lilinichoma hadi leo. Mtoto aliyekuwa ameitwa mzembe miaka miwili, akiletewa kipimo, afanye nini kama si kujaribu kuwapendeza watu? Shuleni tumefundishwa hivyo. Ukinyamaza wakati wa swali, umefeli. Afadhali ubahatishe, huenda ukapata.

"Sikiliza," dada akamwambia. "Hapa hakuna kufeli. Mashine hii imetengenezwa ili mtu yeyote asione karibu nusu ya taa zake. Hata mimi nikikaa hapo, nusu sitaziona. Usipoona, nyamaza tu. Kunyamaza nako ni jibu, na ni jibu ninalolihitaji sana. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Kogo, ambaye Kiswahili anakisikia zaidi ya anavyokisema, aliniuliza kwa Kipsigis walikuwa wakisema nini. Nilipomfasiria, alicheka kidogo. "Huyo ni mwalimu," akasema.

Tulitoka nje, kijana akanywa chai na mandazi mawili, akapumzika. Dada alikuwa ametueleza kwamba hata watu wazima huwa wanafanya vizuri zaidi mara ya pili kuliko ya kwanza, ndiyo maana daktari haamui jambo kubwa kwa kipimo kimoja. Watoto wengi waliofikisha miaka minane hivi huweza kipimo hiki wakielezwa vizuri na kupewa nafasi ya kupumzika. Walio wadogo zaidi hupimwa kwa vidole au kwa vitu vya kuchezea vinavyoletwa kutoka pembeni. Tuliporudi, jicho moja moja, dada akimtia moyo kwa sauti ya chini: "Vizuri. Unaendelea vizuri. Tazama katikati." Kitufe kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Kimya kingine kilikuwa kirefu mno. Nilijua taa zilikuwa zikiwaka mahali fulani asipoziona, na nilitamani kumsaidia, lakini katika kazi ile hakuna awezaye kumsaidia mwenzake.

Karatasi ilipotoka, tuliona ramani. Mahali panapoona vizuri pameachwa peupe. Pasipoona pana kijivu, kisha weusi. Katika jicho la kulia palikuwa na upinde wa kijivu chini ya kitovu, ukielekea upande wa pua. Katika jicho la kushoto upinde huo ulikuwa mweusi na mpana. Daktari alituonyesha kwa ncha ya kalamu. Hapa ndipo kilipokuwa kikombe. Hapa ngazi. Hapa mpira ukifika miguuni. Hapa mstari unaofuata katika kitabu. Miaka miwili ya makosa yake yote ilikuwa imechorwa pale.

Mdogo wangu aliitazama karatasi ile kwa makini. Kisha akamwuliza daktari, "Kwa hivyo mimi si mzembe?"

"Wewe si mzembe," daktari akasema. "Ulikuwa huoni hapa."

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mashine ilimponya. Mashine haiponyi. Daktari alisema waziwazi kwamba kilichopotea hakitarudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Tone moja asubuhi, tone moja jioni, kila siku ya Mungu, na kupimwa tena kila baada ya miezi kadhaa. Hapo ndipo faida ya kompyuta inapoonekana zaidi, kwa sababu huweka ramani ya leo kando ya ile ya zamani na kuonyesha kama weusi umesogea. Mwaka wa 2025 amepimwa mara mbili. Haujasogea. Nyumbani tulifurahi kana kwamba bonasi ya chai imeongezwa. Baba mwenyewe amechukua kazi ya kutia matone ya jioni, wala hasahau. Mama amekiweka kichupa cha zamani kwenye rafu, kikiwa kitupu, kwa ajili ya kuwaonyesha majirani. Kijana amejifunza kuinamisha kichwa kidogo akitembea, anaweka rula chini ya mstari akisoma, na mwalimu wake wa sasa amemruhusu. Kandanda ameiachia wengine. Yeye ndiye mtangazaji wa mechi, na anajua kutangaza!

Wanafunzi wenzangu, humu bwenini wako wenye macho ya kuwasha, na wako wanaoazimana vichupa vya dawa kama wanavyoazimana rula. Tafadhalini. Soma jina la dawa lililo kwenye kichupa. Ukiona lile la steroidi, na hukuandikiwa na daktari, au uliandikiwa zamani na umeendelea tu, nenda ukapimwe presha ya macho. Usikose kumweleza daktari umetumia kwa muda gani, naye ndiye atakayesema uache vipi.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kumfanyia ndugu yako likizo ijayo. Keti mkitazamana, umbali wa mkono. Yeye afunike jicho lake la kushoto, wewe ufunike lako la kulia. Akutazame puani. Nyosha vidole kimoja au viwili katikati yenu, juu, chini na pande zote, umwulize ni vingapi. Asipoona mahali unapoona wewe, mpeleke hospitali. Lakini akiona vyote usimpe cheti, kwa maana vidole havigundui upungufu mdogo; hiyo ni kazi ya mashine.

Nanyi walimu wetu wapendwa, natamka haya kwa heshima zote. Katika darasa la watoto hamsini, mtoto anayejikwaa, anayeruka mistari, anayegonga madawati, huenda kweli akawa mzembe. Huenda pia akawa anaona nusu ya yale mnayodhani anaona, na hana njia ya kuwaambia kwa kuwa hajawahi kuona zaidi. Mwulizeni kwa upole, kisha mpeni ruhusa ya kusema "sioni" bila kuona aibu. Mtoto asiyeogopa kufeli ndiye atakayewaambia ukweli, nao ukweli huo ukifika mapema unaweza kuokoa jicho.

Nafasi niliyopewa na mhariri imekwisha. Naiweka kalamu chini, nikiwatakia nyote macho mazuri, ya katikati na ya pembeni.